Maswali na majibu: Herufi moja ya jeni, panya mnene na baridi ya Nyanda za Juu

Toleo lililopita lilieleza kwa ufupi jinsi hitilafu ya jeni moja inavyobadili namna panya wa maabara anavyotunza na kuchoma mafuta mwilini. Barua zimefika kutoka Iringa, Mbeya, Rungwe, Njombe hadi Makete. Tumejibu saba.

Herufi moja inawezaje kumnenepesha panya mara tatu?

*Mhariri, shikamoo. Ninasoma kidato cha sita, tahasusi ya PCB, Iringa mjini. Je, jeni mliyoitaja ndiyo inayotengeneza mafuta? Na kama kilichoharibika ni herufi moja, mbona athari ni kubwa hivyo? – Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba. Jeni hiyo inatengeneza taarifa kuhusu mafuta. Mafuta yenyewe hayapitii kwake. Seli za mafuta, zile za chini ya ngozi na za tumboni, hutoa homoni iitwayo leptini, na kiasi chake katika damu hufuata wingi wa akiba. Leptini hufika kwenye ubongo, sehemu ya hipothalamasi, na kuujulisha mwili kwamba akiba ipo.

Fikiria nyumba ya mkulima yenye kihenge uani. Mama hupika kwa kipimo anachoambiwa na yule aliyechungulia kihenge asubuhi. Siku mchunguliaji akinyamaza, mama ataishi kama yuko katikati ya mwezi wa njaa: kila debe litakaloingia atalificha, hatauza, hatakaribisha mgeni, na moto atauwasha mdogo. Kihenge kitafurika na yeye hana habari. Panya asiye na leptini ndivyo anavyoishi. Anakula bila kutosheka, anatembea kidogo, joto la mwili wake liko chini ya la wenzake, na hazai. Mwili mnene unajiendesha kama mwili wenye njaa.

Panya hao waligunduliwa mwaka 1949 katika Jackson Laboratory, Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, wakapewa alama ya ob. Jeni yenyewe, iliyoko kwenye kromosomu ya 6, ilisomwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Protini ya leptini inapoundwa ina asidi amino 167, yaani matofali ya protini. Kwenye nafasi ya 105 panatakiwa pasomeke CGA, herufi tatu za DNA zinazoagiza asidi amino iitwayo arginini. Katika panya wa ob, C imegeuka T, ikawa TGA. Kwenye RNA, nakala ya jeni inayosomwa na seli, utaiandika UGA. Umeshafundishwa maana yake: kikomo. Ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, inaacha kazi njiani, kipande kilichokatika hakitoki nje ya seli, na damu inabaki bila leptini kabisa. Laiti herufi iliyobadilika ingekuwa ya tatu, CGA ikawa CGG, ingebaki arginini ileile na panya asingeongezeka hata gramu. Kwa hiyo usihesabu herufi ngapi zimebadilika. Uliza zimebadilika wapi, na sentensi sasa inasomekaje.

Kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: ulaji ni sehemu tu ya habari. Panya wa ob akipewa gramu zilezile za chakula anazokula ndugu yake wa kawaida, bado atakuwa na mafuta mengi kuliko huyo ndugu. Insulini yake iko juu, na insulini huliamuru ini kugeuza sukari kuwa mafuta. Tena, leptini kwa kawaida hukibana kimeng'enya cha ini kiitwacho SCD-1, kinachosaidia kuunda mafuta ya kuhifadhiwa. Leptini isipokuwepo, kimeng'enya hicho kinafanya kazi bila breki. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba panya wa ob akiondolewa pia SCD-1, unene hupungua sana na mafuta ya ini hutoweka, ingawa anaendelea kula kwa pupa.

Panya wawili wanene wa sura moja

*Ninafundisha biolojia sekondari, Mbeya. Nimesoma kuhusu panya wa ob na panya wa db. Wote wanene, wote wana sukari. Walitofautishwaje kabla jeni hazijajulikana? – Mwalimu, Mbeya*

Mwalimu, hapa una somo zuri kuliko yote katika habari hii. Panya wa db alitangazwa mwaka 1966 na maabara ileile ya Bar Harbor. Douglas Coleman akawaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji, ubavu kwa ubavu, ili damu ya mmoja ipite kwa mwingine. Alipomuunganisha db na panya wa kawaida, yule wa kawaida aliacha kula akafa kwa njaa, na db akaendelea kunenepa. Alipomuunganisha ob na wa kawaida, ob alipunguza kula na kuongezeka kwake uzito kukapungua. Alipomuunganisha ob na db, ob ndiye aliyekufa kwa njaa.

Waandikie wanafunzi matokeo hayo matatu ubaoni, uwaache dakika kumi wakisie kabla ya kuwapa jibu. Damu ya db imejaa ujumbe wa shibe, lakini yeye mwenyewe hausikii. Ob anausikia vizuri sana, ila hawezi kuutengeneza. Leptini ilipopatikana zaidi ya miaka ishirini baadaye, mambo yakawa hivyohivyo: ob amekosa homoni, db amekosa kipokezi chake, yaani protini inayoupokea ujumbe. Katika db, G imegeuka T kwenye jeni ya kipokezi iliyoko kromosomu ya 4, RNA inakatwa na kuungwa mahali pasipo pake, na kipokezi kinapoteza mkia wa ndani unaopeleka taarifa ndani ya seli.

Matokeo ya Novemba hayafanani na ya Julai

*Tunafuga panya wa ob na ndugu zao wa kawaida kwenye chumba cha maabara, Mbeya. Julai, tofauti na Novemba, wale wa kawaida walikula zaidi lakini hawakuongezeka uzito, na ob watatu walikutwa wamekufa asubuhi baada ya umeme kukatika usiku. Tunashuku chakula. – Fundi wa maabara, Mbeya*

Poleni kwa hasara. Kabla ya kuhukumu chakula, pimeni joto la chumba. Panya mdogo wa maabara hahitaji kuchoma nishati ya ziada kwa ajili ya joto pale tu hewa inapokuwa karibu nyuzi joto 30. Kwenye chumba cha nyuzi 22, ambacho mtu anakiona cha starehe, tayari anatumia karibu nusu tena ya nishati yake ili asipoe. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Panya wa kawaida hujibu kwa kula zaidi na kuyachoma mafuta ya kahawia yaliyo katikati ya mabega. Ob hawezi. Mafuta yake ya kahawia hayaamshwi vya kutosha, na akiwekwa kwenye nyuzi 4 hufa ndani ya saa chache. Wale watatu, kwa maelezo yenu, wamekufa kwa baridi.

Msione aibu, maana jambo hili limewanasa hata mabingwa. Mwaka 1997 walitengenezwa panya wasio na UCP1, protini inayoyafanya mafuta ya kahawia kutoa joto. Watu walitarajia wanenepe, hawakunenepa. Mwaka 2009 watafiti wa Stockholm waliwaweka panya hao kwenye nyuzi 30, na hapo wakanenepa. Hitilafu ilikuwepo muda wote, baridi ya chumba ndiyo iliyoificha.

Sasa cha kufanya. Nunueni kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu, viwe viwili: kimoja usawa wa kasha la chini kabisa, kingine la juu kabisa. Kipimajoto cha ukutani karibu na mlango kitawadanganya. Chagueni joto moja kati ya nyuzi 20 na 26, mlishike usiku na mchana, mwaka mzima, na muwe na chanzo cha joto kisichotegemea umeme wa gridi. Kila kasha liwe na gramu 8 hadi 10 za karatasi zilizochanwa vipande virefu, panya wajengee kiota. Idadi ya panya iwe sawa kwa kila kasha, kwa sababu watano waliolaliana hawapoi kama mmoja aliye peke yake. Kasha lenye wawili na kasha lenye watano ni majaribio mawili tofauti. Panya wa kulinganisha wawe ndugu wa tumbo moja, si wale walioagizwa baadaye.

Chakula nacho kina mitego. Panya wa kawaida mwenye gramu 25 hula gramu 3 hadi 4 kwa siku, ob huzidi 5. Lakini wote hutafuna na kudondosha. Chekecheni maranda ya kasha, mpime makombo, myatoe kwenye hesabu, la sivyo mtaandika kwamba panya amekula kile alichomwaga. Mkimpa ob kiasi sawa na ndugu yake, msimpe chote kwa mkupuo. Atakimaliza mapema kisha akae na njaa hadi kesho, na umetaboli wake utabadilika kwa sababu ya mfungo huo. Mgawieni mara tatu, sehemu kubwa iwe ya jioni, kwani panya ni mnyama wa usiku.

Kama mnachanganya wenyewe kwa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa, changanyeni mara moja cha kutosha jaribio zima, na sampuli ipimwe sumukuvu. Hili tunalisisitiza kwa nguvu. Ini lililojeruhiwa na sumukuvu hujaa mafuta pia, na hakuna atakayeweza kuwaambia mafuta yapi yameletwa na jeni na yapi na gunia lililolala sakafuni.

Mkiwa na kifaa cha kupima hewa ya pumzi, gawanyeni kaboni dioksidi inayotoka kwa oksijeni inayoingia. Jibu likikaribia 0.7 panya anachoma mafuta, likikaribia 1.0 anachoma wanga, na likipita 1.0 yuko kwenye kazi ya kugeuza wanga kuwa mafuta. Jibu la ob huwa juu kuliko la mwenzake hata saa za kupumzika.

Kumtambua ob kabla hajanenepa

*Mimi ni mwenyeji wa Njombe, nasoma shahada ya uzamili. Ninahitaji kuwatenga panya wakiwa na wiki mbili au tatu, unene haujaonekana. Nifanyeje? – Msomaji*

Kwa macho utamtambua kuanzia kama wiki ya nne, hivyo uko sahihi kutafuta njia nyingine. Bahati ni kwamba ile herufi T imezaa mahali papya pa kukatwa na kimeng'enya DdeI, kinachosaka CTNAG, N ikiwa herufi yoyote. Toboa sikio au chukua milimita 2 za ncha ya mkia. Weka kwenye mikrolita 75 za hidroksidi ya sodiamu ya milimola 25 yenye EDTA milimola 0.2, chemsha kwa nyuzi 95 dakika 30, poza, kisha ongeza mikrolita 75 za Tris-HCl ya milimola 40. Chukua mikrolita 1 au 2 za maji hayo kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), kata DNA iliyozalishwa kwa DdeI kwenye nyuzi 37, na tembeza kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 3. Jeli ya asilimia 1 haitatenganisha vipande vifupi namna hii.

Panya wa kawaida ataonyesha mstari mmoja wa juu. Ob kamili ataonyesha miwili mifupi. Mwenye nakala moja tu ya hitilafu ataonyesha yote mitatu, na hapa ndipo watu wengi hukosea: kimeng'enya kikichoka, DNA ya ob kamili hukatwa nusunusu, mstari wa juu unabaki, nawe unamwandika kuwa mwenye nakala moja. Kimeng'enya kilichosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Dar es Salaam, barafu ikayeyuka kabla ya Makambako, usikiamini hadi ukijaribu. Kila jeli iwe na sampuli tatu unazozijua tayari, mojawapo ob kamili. Ikiwa huyo naye anaonyesha mstari wa juu, tupa matokeo yote ya siku hiyo.

Kwa kuwa ob kamili hazai, utawapandisha wenye nakala moja kwa wenye nakala moja. Robo ya watoto ndiyo watakaokuwa ob, lakini hiyo ni robo ya wengi. Tumbo moja la watoto 8 linaweza kukunyima hata mmoja, kwa hiyo anza na jozi sita au zaidi.

Matundu kwenye ini

*Nimetengeneza slaidi za ini la panya mnene kwa nta. Naona matundu meupe matupu, mafuta siyaoni. – Mtaalamu wa maabara, Iringa*

Hayo matundu ndipo mafuta yalipokuwa. Alkoholi na zailini ulizopitishia kabla ya nta zimeyayeyusha. Kipande kingine kigandishe, kikate kwa mikromita 8 hadi 10 kikiwa kimeganda, kisha tia rangi ya Oil Red O. Matone yatatokea mekundu.

Vidonge vya leptini kwa mtoto

*Habari za kazi. Binti yangu ana miaka sita, ni mnene kuliko wenzake. Kuna mtu ananiuzia vidonge anavyosema vina leptini. Nimpe? – Mama, Tukuyu*

Mama, usimpe. Leptini ni protini. Ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage, haifiki kwenye damu ikiwa homoni. Tena, watu wengi wanene wana leptini nyingi tayari, kwa kuwa seli zao za mafuta ni nyingi. Ubongo ndio umepunguza kuitikia. Kuongeza sauti kwa asiyesikia hakumsaidii.

Wapo watoto waliozaliwa na hitilafu inayofanana na ya panya wa ob, lakini ni wachache mno duniani. Wa kwanza kutangazwa, mwaka 1997, walikuwa binamu wawili wa familia yenye asili ya Pakistani: msichana wa miaka minane mwenye kilo 86 na mvulana wa miaka miwili mwenye kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida. Taarifa ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba msichana huyo alipopewa leptini kwa sindano, hamu ya kula ilitulia na mafuta yakapungua. Leptini ya sindano iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2014 ni kwa ajili ya watu wasio na tishu ya mafuta. Kwao mafuta, kwa kukosa pa kukaa, hujazana kwenye ini.

Itoe kadi ya kliniki ya binti yako uiangalie. Kama mstari wa uzito ulipaa tangu miezi ya kwanza, na mtoto analia njaa dakika chache baada ya kula, mpeleke na kadi hiyo kwa daktari wa watoto. Mpeleke vilevile, na mapema, ikiwa ananenepa lakini harefuki: nguo zinambana kiunoni huku urefu wa gauni ni uleule wa mwaka jana. Hiyo huweza kuwa dalili ya tatizo la tezi, nalo lina tiba. Kama anarefuka vizuri na uzito umeanza kupanda majuzi, daktari atakuuliza kwanza kuhusu soda, vitafunwa vya kukaangwa na saa anazokaa bila kucheza.

Vitoto vya nguruwe vinakufa Juni

*Nafuga nguruwe Makete. Wakizaa Juni, vitoto vingi vinakufa siku tatu za kwanza, ingawa mama ana maziwa. Je, hizo jeni za mafuta zinahusika? – Mfugaji, Makete*

Zinahusika moja kwa moja. Ile UCP1 tuliyoitaja kwa fundi wa Mbeya, nguruwe hana inayofanya kazi. Jeni hiyo iliharibika kwa mababu zake yapata miaka milioni 20 iliyopita. Mwanakondoo huzaliwa na mafuta ya kahawia ya kumpasha joto, kitoto cha nguruwe hana. Mafuta yote aliyo nayo ni asilimia 1 au 2 ya uzito wake, na njia yake ya kupata joto ni kutetemeka. Kutetemeka kunakula akiba ya sukari ya ini na misuli, nayo haimalizi siku. Akishapoa hana nguvu ya kunyonya, na asiponyonya anapoa zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa China walipandikiza UCP1 ya panya kwenye nguruwe, na nguruwe hao walistahimili baridi na kuwa na mafuta kidogo. Hao hawauzwi, kwa hiyo joto itabidi ulilete wewe.

Mkaushe kila kitoto kwa kitambaa mara anapozaliwa, na ndani ya saa ya kwanza awe ameshikishwa chuchu apate dang'a. Tenga kona ambayo mama hawezi kuilalia, tandika majani makavu unene wa shubiri moja, na ning'iniza taa ya joto kama sentimita 60 kutoka kwenye majani. Pima joto pale kitoto anapolala: liwe nyuzi 32 hadi 34 wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi 2 kila wiki. Usipashe joto banda zima, maana mama akizidiwa na joto hula kidogo na maziwa hupungua.

Vitoto vyenyewe vitakuambia kama umepatia. Vikirundikana juu kwa juu, taa iko mbali. Vikitawanyika kuikimbia, iko karibu mno. Vikilala ubavu kwa ubavu, iache ilipo. Jiko la mkaa usiingize kwenye banda lililofungwa, hewa yake inaua kabla ya baridi. Kwa usiku wa umeme kukatika, weka tayari sanduku la mbao lenye mlango mdogo, lijaze majani na ulifunike kwa magunia mawili. Vitoto kumi vilivyobanana humo hupashana joto hadi umeme urudi, mradi uvitoe kunyonya kila baada ya saa moja.